Tarehe Isiyoandikwa: Utangulizi wa Kuvusha Tarehe Kutoka Hifadhidata Hadi XML

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto wa miezi mitatu, uiweke mezani. Kisanduku cha BCG kina tarehe, maana chanjo hiyo hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa. Visanduku vya wiki ya 6 na wiki ya 10 vimejazwa. Cha wiki ya 14 ni kitupu, na cha surua ni kitupu pia. Muuguzi akiitazama kadi hii hashtuki: wiki ya 14 bado haijatimia, na surua ni ya miezi 9. Lakini akikuta wiki ya 10 ina tarehe na wiki ya 6 haina, atainua uso amuulize mama, "Ile ya kwanza mlichomea wapi?" Karatasi ni nyeupe vilevile katika visanduku vyote, ila yeye amesoma habari mbili tofauti.

Karibu katika taaluma ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ni kuuvusha weupe huo bila kuuharibu. Wengi huingia wakidhani kwamba kuhamisha data ni kunakili: safu ya hifadhidata inageuka elementi ya XML, thamani inakaa katikati ya tagi mbili, basi. Kwa majina ya watu na namba za simu dhana hiyo itakufikisha mbali. Kwa tarehe itakuangusha wiki ya kwanza. Nimechagua kuanza na tarehe kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo mwanagenzi anapotambua upesi kwamba anabeba ushahidi wa mtu mwingine, yaani nani alijua nini na kwa uhakika gani. Faili lako lisiseme pungufu ya kilichojulikana, wala lisiongeze. Mengine yote utakayosoma hapa yanatoka kwenye sharti hilo.

Tuanze na yaliyo mepesi. XML ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998, na Mei 2001 ikafuata lugha ya kuandikia skima. Skima ni mkataba baina ya anayetuma na anayepokea: elementi zipi ziwepo, kwa mpangilio upi, na kila moja ibebe thamani ya aina gani. Aina iitwayo xs:date inadai mpangilio mmoja tu, mwaka kwanza kwa tarakimu nne, kisha mwezi, kisha siku, vikitenganishwa kwa vistari: 2019-04-03. Umbo hilo linafuata kiwango cha ISO 8601 cha mwaka 1988. Lina faida inayopendeza: ukipanga tarehe hizo kama maneno, kwa mfuatano wa herufi tu, zinajipanga zenyewe kwa wakati.

Kwa nini ukali huo? Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam akiandika 03/04/2019 anakusudia tarehe 3 Aprili. Mashine iliyopangwa Kimarekani itasoma tarehe 4 Machi. Hesabu mwenyewe: siku ya 1 hadi ya 12 katika miezi 12 ni tarehe 144, ondoa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, zinabaki 132 kila mwaka zinazoweza kusomwa kinyume. Ni zaidi ya theluthi ya mwaka. Tarehe kama 25/04/2019 ikisomwa vibaya hugoma, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na kosa linajitangaza. Hizo 132 hazigomi. Zinaingia kimya, zinakaa miaka, na siku moja mtu anapewa dawa kwa umri usio wake.

Kwa hiyo umbo la tarehe liamuliwe pale data inapotoka, ndani ya swali lenyewe la hifadhidata, na liamuliwe kwa maandishi. Oracle ina TO_CHAR, ambayo unaiambia YYYY-MM-DD. SQL Server ina CONVERT yenye mtindo namba 23 kwa tarehe peke yake na 126 kwa tarehe na saa. Ukiacha mashine ichague, itachagua kwa mipangilio ya siku hiyo, na siku seva ikibadilishwa mafaili yako yatabadilika bila mtu kugusa mstari wa programu. Mpangilio wa Oracle kwa eneo la Marekani, kwa mfano, huandika mwaka kwa tarakimu mbili. Bibi aliyezaliwa Juni 1938 anatoka akiwa na 38, na upande wa pili kanuni ileile ya tarakimu mbili inaisoma kuwa 2038. Bibi mwenye wajukuu anakuwa mtu ambaye bado hajazaliwa.

Saa nazo zina mtego wake, na nadhani sisi wasemaji wa Kiswahili tumeandaliwa kuuelewa kuliko wengi. Kwa wazee wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, maana siku huanza jua linapotua. Kwa anayefuata kalenda ya ofisini ni ule unaoifuata. Ndiyo maana watangazaji wetu husema "usiku wa kuamkia Ijumaa", shaka ikaondoka. Sasa mtazame mtoto aliyezaliwa Mombasa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 5 Machi. Kwa saa za UTC, ambazo zimepungua tatu kwa zetu, ilikuwa bado saa tano usiku, tarehe 4. Ni mbaya zaidi pale programu inapotunza tarehe ya kuzaliwa kama saa sita kamili usiku ya siku hiyo, kisha wakati wa kutoa faili inapunguza saa tatu kwa nia njema. Kila mtoto katika faili anarudishwa siku moja nyuma. Tarehe ya kuzaliwa, ya kuoa na ya kuanza kazi ni mambo ya kalenda. Yatoke kama xs:date tupu, bila saa na bila eneo. Tukio lenye dakika yake, kama damu kuchukuliwa kwa kipimo, litoke kama xs:dateTime likiwa na +03:00 mwishoni, ili anayesoma ajue ni saa za wapi.

Hayo yote yanarekebishika kwa nidhamu. Utupu unadai zaidi.

E. F. Codd alipochapisha mwaka 1970 nadharia ya uhusiano, ambayo ndiyo mama wa hifadhidata nyingi tunazotumia, alifungua njia iliyofikisha lugha ya SQL kwenye alama moja ya kukosekana kwa thamani: NULL. Alama hiyo si sifuri, wala si neno lisilo na herufi. Ukiuliza kama NULL ni sawa na NULL, SQL haijibu ndiyo wala hapana. Inajibu "haijulikani", na jibu hilo ni la busara. Shida ni kwamba alama ni moja na habari ni nyingi. Safu ya tarehe ya kifo ni tupu kwa sababu mtu yu hai. Safu ya tarehe ya kuzaliwa ya mama yake ni tupu kwa sababu hakuna aliyeiandika mwaka ule wala anayeikumbuka. Safu ya hudhurio la mwisho ni tupu kwa sababu karani alikuwa na foleni ndefu akaahidi kurudi. Codd mwenyewe baadaye alipendekeza alama mbili, moja ya kinachostahili kuwepo ila hakijulikani, nyingine ya kisichohusika kabisa. Pendekezo hilo halikuingia katika SQL, na mimi huona ni hasara ambayo kila mhamishaji wa data analipia.

Mwanagenzi akikutana na NULL kwa mara ya kwanza huandika elementi isiyo na kitu ndani: <tareheYaKifo></tareheYaKifo>. Kwa macho ya mtu inaonekana sawa. Kwa skima ni kosa, maana xs:date inadai tarehe, na maandishi yasiyo na herufi si tarehe. Mkaguzi wa skima anaweza kulikataa faili zima lenye watu elfu kumi kwa sababu ya mstari mmoja. Hapo, usiku, mkubwa wa kazi akisubiri, ndipo dhambi kubwa ya taaluma hii inapotendwa: mtu anatafuta tarehe yoyote ya kujaza shimo.

Hifadhidata zenyewe humsaidia kukosea. SQL Server ukiipa maandishi matupu na kuiambia iyageuze kuwa tarehe, haigomi. Inakupa tarehe 1 Januari 1900. MySQL ya zamani ilikubali 0000-00-00, siku isiyokuwepo katika kalenda yoyote. Programu zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 zikipewa sifuri hutoa 1 Januari 1970, na kwa saa za Afrika Mashariki huwa saa tisa usiku, kwa hiyo ukiona wagonjwa wengi wamehudhuria saa tisa usiku wa siku hiyo, umeshajua kilichotokea. Nimewahi kuletewa faili ambamo kila mgonjwa aliye hai alikuwa ameandikwa kufariki tarehe 1 Januari 1900. Lilipita ukaguzi wa skima bila onyo hata moja. Nakusihi usijaze shimo kwa tarehe ya uongo, hata kama umekubaliana na mwenzako kwamba "sote tunajua 1900 maana yake tupu". Mwenzako atahama kazi, na faili litabaki.

Njia za haki zipo. Ya kwanza ni kuiacha elementi isiwepo kabisa, skima ikiwa imeruhusu kwa minOccurs="0". Ndivyo FOR XML ya SQL Server inavyofanya usipoiambia vingine, na ndivyo xmlforest ya PostgreSQL na ya Oracle zinavyofanya. Ya pili ni kuiweka elementi na kuitangaza wazi kuwa tupu kwa xsi:nil="true", skima ikiwa imeandika nillable="true". SQL Server hufanya hivyo ukiongeza neno XSINIL baada ya ELEMENTS. PostgreSQL, ukiipa query_to_xml ruhusa ya kuonyesha thamani zinazokosekana. Mysqldump, ukiiamuru itoe XML.

Vitabu vingi huzitaja njia hizi mbili kama mapacha na kumwachia msomaji achague apendayo. Sikubaliani navyo, na sababu yangu ina mtu ndani yake.

Katika hospitali moja niliyofanya kazi nayo, karani alikosea mstari akaandika tarehe ya kifo kwenye jina la mzee aliyekuwa hai. Jioni faili la XML likaenda kwenye mfumo wa pili, ule wa kutolea dawa, likiwa na tarehe hiyo. Asubuhi karani aligundua kosa, akaifuta, safu ikarudi kuwa NULL. Jioni ya pili faili likatoka tena, na kwa kuwa thamani haikuwepo, elementi nayo haikuwepo. Programu iliyopokea ilikuwa na kanuni yake, nayo ni kanuni ya kawaida: kisichotajwa kwenye faili kisiguswe. Haikutajiwa kifo, ikaacha kifo kilichokuwepo. Mzee alipofika kuchukua dawa zake za presha aliambiwa jina lake limefungwa. Hakuna programu iliyovunjika. Kila moja ilitenda kama ilivyoandikwa, na katikati yao taarifa muhimu kuliko zote, kwamba tarehe imeondolewa, haikuwa na pa kupandia.

Kunyamaza na kusema "hakuna" ni mambo mawili. Faili linalopeleka data kwa mara ya kwanza, mahali ambapo hakukuwa na kitu, linaweza kunyamaza bila madhara. Faili linalokuja kusahihisha lililotangulia halina ruhusa ya kunyamaza. Lazima liseme kwa kinywa chake kwamba hapa sasa ni patupu. Wapo wanaopinga wakisema xsi:nil inanenepesha mafaili. Ni kweli, na diski ni rahisi kuliko mzee aliyerudishwa nyumbani bila dawa.

Lakini hata xsi:nil haijasema kwa nini. Hapa watu wa afya wametangulia, nasi wa fani nyingine tuna la kujifunza kwao. Kiwango cha HL7 cha hati za kitabibu, CDA, ambacho toleo lake la pili ni la mwaka 2005 na ambacho ni XML mwanzo hadi mwisho, kina atributi iitwayo nullFlavor, kama kusema utupu una ladha. UNK ni haijulikani. ASKU ni aliulizwa, hajui. NASK ni hakuulizwa. NA ni jambo lisilomhusu. Orodha yake ni ndefu zaidi, na sipendekezi uikariri. Jipatie sababu tatu au nne zinazolingana na kazi yako, uzitaje ndani ya skima ili asitokee mtu wa kubuni ya tano. Elementi iliyotangazwa kuwa nil inaruhusiwa bado kubeba atributi, kwa hiyo <tareheYaKuzaliwa xsi:nil="true" sababu="hajui"/> ni halali kabisa.

Kuna tarehe ambayo imekaa katikati, haijulikani yote wala haikukosekana yote. Mama wa Lamu anaweza kukwambia mwanawe wa kwanza alizaliwa Mfunguo Sita, siku chache kabla ya Maulidi, mwaka ambao baba yake alirudi kutoka safari. Huo ni ushahidi mzuri. Una mwezi, una jirani wa tarehe, na ukijua mwaka wa ile safari unakaribia siku yenyewe. Safu ya aina ya DATE haina mahali pa kuuweka. Inadai mwaka, mwezi na siku, vyote. Basi karani anaandika mwaka anaoukisia na 01/01. Wakimbizi wengi kutoka Somalia na Kongo waliohamia Marekani wana hati zinazosema walizaliwa 1 Januari kwa sababu ya namna hii: mwaka tu ndio uliopatikana, fomu ikataka siku. Ndugu wa nyumba moja, waliopishana miaka, wanasherehekea siku moja ya kuzaliwa ambayo si ya yeyote kati yao.

XML ina uungwana kuliko safu ya DATE. Ipo aina xs:gYear kwa mwaka peke yake, 1962, na xs:gYearMonth kwa mwaka na mwezi, 1962-07, na skima inaweza kuziunganisha na xs:date ili elementi moja ikubali yoyote kati ya hizo tatu. FHIR, kiwango kipya zaidi cha HL7, nacho kinakubali tarehe ya kuzaliwa iwe mwaka tu. Ili ufaidi uungwana huo, hifadhidata yako inahitaji safu ya pili kando ya tarehe, inayosema usahihi ni wa siku, wa mwezi au wa mwaka. Bila safu hiyo, 1962-01-01 ya aliyezaliwa kweli mwaka mpya na 1962-01-01 ya aliyekisiwa zinafanana kama maji na maji.

Wanaohifadhi miswada ya kale wamekwenda mbali kuliko sote, na ninapenda kuwapeleka wanafunzi kwao. Utendi wa Tambuka kwa kawaida hutajwa kuwa wa mwaka 1141 Hijria, na vitabu vingi huongeza 1728. Lakini mwaka 1141 ulianza Agosti 1728 ukaishia Julai 1729, hivyo anayeandika 1728 amechagua, kama anajua au hajui. Mwongozo wa TEI, unaotumiwa kuandika matini za kihistoria kwa XML, una atributi notBefore na notAfter, si kabla ya na si baada ya, na kwa hizo unaweza kusema ukweli mzima bila kuchagua. Na jaribu kuiweka tarehe hiyo katika safu ya datetime ya SQL Server. Itagoma. Aina hiyo huanzia 1 Januari 1753, kwa sababu Uingereza na makoloni yake zilibadili kalenda Septemba 1752, tarehe 2 ikafuatwa na tarehe 14, na waundaji hawakutaka kuhesabu kuvuka pengo hilo. Uamuzi wa bunge la London ukazuia utenzi wa Waswahili kuingia kwenye jedwali. Aina mpya ya date, iliyokuja mwaka 2008, huanzia mwaka 1, na tatizo hilo likaondoka, itumie.

Sasa kazi ya kwanza ninayompa kila anayejiunga nasi. Kabla hujaandika mstari mmoja wa kutoa XML, hesabu thamani tupu katika kila safu ya tarehe, kisha hesabu tarehe zinazojirudia kupita kiasi, hasa 1 Januari. Andika namba hizo kwenye karatasi, uende nazo kwa waliojaza data. Usiwapigie simu, nenda.

Mimi nilikwenda kwenye kituo kimoja cha afya nikiwa na safu ya tarehe ya kuzaliwa ambayo karibu nusu yake ilikuwa NULL. Sista wa mapokezi, mama wa makamo, aliniletea rejesta ya zamani, ile kubwa ya jalada gumu, waliyoitumia kabla ya kompyuta. Katika safu ileile baadhi ya nafasi zilikuwa nyeupe, nyingine zilikuwa na kistari kifupi cha wino wa buluu. Nikamuuliza tofauti. "Mwalimu, kistari ni mtu nimemuuliza mwenyewe akasema hajui. Pakiwa wazi, sikuwahi kumuuliza, labda alikuja hali mbaya." Waliohamishia rejesta kwenye kompyuta waliona kistari si tarehe, wakakiacha. Tulikaa na daftari lile siku mbili, tukaongeza safu ya sababu, tukavirudisha vistari kimoja kimoja. Faili la kwanza la XML lilipotoka nilichapa kurasa chache nikampelekea. Aliteremsha kidole taratibu kwenye ukurasa hadi akafika mahali palipoandikwa sababu="hajui", akasoma jina la mwenyewe, akanyamaza kidogo. "Huyu namkumbuka," akasema. "Hiki ndicho kistari changu."